Tom Rolt na Mashua Yake Cressy

Sisi wanafunzi wa lugha tunapenda kusema kwamba kitabu kinaweza kuokoa kitu kisipotee. Tunasema hivyo juu ya hadithi za wazee, juu ya nyimbo, juu ya lugha zenye wasemaji wachache. Swali tunalolikwepa ni hili: kitabu kikifaulu, kinaokoa nini hasa, na kinamwokolea nani? Nimeona nilijibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya Mwingereza mmoja, L. T. C. Rolt, ambaye rafiki zake walimwita Tom. Aliishi zaidi ya miaka 10 ndani ya mashua, akaiandikia kitabu, na kitabu hicho kikaigeuza nchi yake.

Kwanza, mahali penyewe. Kuanzia karne ya 18 Waingereza walichimba mifereji ya kubebea makaa ya mawe, udongo wa kufinyangia vyombo, chuma na nafaka, kutoka mji hadi mji. Katikati ya nchi mifereji mingi ilijengwa kwa kipimo chembamba ili kupunguza gharama. Kwa hiyo mashua zake nazo ni nyembamba: upana hauzidi mita 2 na kidogo, lakini urefu unaweza kufika mita 21. Farasi alizivuta akitembea kwenye njia ya kandokando. Penye kilima pamejengwa ngazi za maji. Kila ngazi ni chumba cha mawe au matofali chenye milango mbele na nyuma. Mashua huingia, milango hufungwa, maji hujazwa au kupunguzwa, nayo mashua hupanda au hushuka. Baadaye ilikuja reli, ikachukua mizigo. Malipo yalipopungua, wenye mashua wengi walishindwa kuajiri watu, wakawapandisha wake zao na watoto wao. Ndivyo lilivyozaliwa kabila dogo la majini, watu waliozaliwa, waliooana na kuzeeka katika chumba cha urefu wa mita 3 hivi.

Rolt hakuwa mtoto wa watu hao. Alizaliwa Chester tarehe 11 Februari 1910, katika familia yenye uwezo. Baba yake alikuwa mtu wa safari: alifanya kazi Australia na India, na mwaka wa 1898 alikwenda Yukon kutafuta dhahabu. Lakini baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alipoteza sehemu kubwa ya mali yake katika kampuni iliyofilisika. Kijana Tom aliacha shule akiwa na miaka 16, akaenda kujifunza ufundi wa mitambo ya kilimo, kisha akawa mwanagenzi katika kiwanda cha magarimoshi cha Kerr Stuart, mjini Stoke-on-Trent. Mjomba wake, Kyrle Willans, alikuwa mhandisi mkubwa hapo. Mwaka wa 1930 kiwanda kilifilisika, na Tom akajikuta hana kazi kama vijana wengi wa wakati ule.

Ni mwaka huohuo wa 1930 alipoonja mfereji kwa mara ya kwanza. Mjomba wake alikuwa amenunua mashua ya mbao iliyozoea kuvutwa na farasi, jina lake Cressy, akaifunga injini ya mvuke. Baadaye ikatiwa injini ya gari la Ford Model T. Tom alisafiri nayo, na mapenzi yakaingia. Hata hivyo alirudi kwanza kwenye magari: alikuwa na garaji huko Hampshire, karibu na baa iitwayo Phoenix, ambako wapenzi wa magari ya zamani walikusanyika. Huko alimkuta Angela Orred, msichana aliyekuja akiendesha Alfa Romeo. Waliafikiana jambo moja lisilo la kawaida: wataoana na kuishi majini. Baba wa msichana alikataa katakata. Wakaoana kwa siri Julai 1939.

Rolt alikuwa ameinunua Cressy kwa mjomba wake, akaipeleka Banbury, kwenye karakana ya ukoo wa Tooley, itengenezwe iwe nyumba. Ikatiwa kitanda, jiko, hata bafu. Tarehe 27 Julai 1939 mume na mke wakaondoka Banbury kupitia mfereji wa Oxford kuelekea kaskazini.

Hapa niseme kidogo juu ya kuishika mashua ya namna hiyo, kwa sababu bila kuelewa kazi yake hatuwezi kuelewa alichokipenda. Nahodha husimama nyuma kabisa, mkono wake umeshika kana, yaani mkono wa usukani. Kana ikisukumwa kushoto, mbele kunakwenda kulia. Mashua haina breki. Kuisimamisha ni kuirudisha injini nyuma na kungoja. Injini ikizimwa usukani nao hupoteza nguvu, kwa kuwa ni maji yanayosukumwa na rafadha ndiyo yanayoufanya ushike. Anayetaka mbio hupata hasara: katika maji haba mashua huyanyonya maji yaliyo chini yake, nyuma yake hushuka, mawimbi hubomoa kingo, na mwendo hauongezeki. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea kwa miguu. Kwenye ngazi za maji hatari kubwa ni kizingiti, yaani ukingo wa mawe uliojificha chini ya mlango wa juu. Mashua inaposhuka, nyuma yake ikikaa juu ya kizingiti hicho, maji hupungua na kuiacha imening'inia, na kwa dakika chache inaweza kuzama. Basi kila mara macho hutazama nyuma.

Mashua ya mbao pia ina madai yake. Hunywa maji, na mwenyewe huyachota au kuyapampu. Lazima itolewe majini kila baada ya muda, ikalafatiwe upya na kupakwa lami. Rolt aliijua kazi hiyo kama fundi, na nadhani ndiyo maana wenyeji wa mfereji walimwamini mapema kuliko wangemwamini mtalii.

Wiki chache baada ya kuondoka, vita vilianza. Rolt akafanya kazi kwa muda katika kiwanda cha Rolls-Royce mjini Crewe, kilichotengeneza injini za ndege za Spitfire, naye akilala ndani ya Cressy. Kiwanda kikubwa kilimchosha roho. Wakahamia kusini karibu na Hungerford, ambako alipata kazi katika kiwanda kidogo cha kusubu chuma, na mwaka wa 1941 wakafunga kamba Tardebigge, kwenye mfereji kati ya Worcester na Birmingham. Hapo pana ngazi za maji 30 mfululizo, nyingi kuliko popote pengine Uingereza, zinazopandisha mashua mita 67 hivi. Walikaa miaka mitano. Mchana Rolt alikuwa mtumishi wa wizara, jioni mwandishi.

Kitabu chake cha safari ya 1939 kilikataliwa na wachapishaji, mpaka mwandishi H. J. Massingham aliposoma makala yake katika gazeti na kumsaidia. Kilitoka Desemba 1944 kwa jina la Narrow Boat. Watu waliochoshwa na vita walikipenda mara moja. Ndani yake waliwakuta majirani wasiowajua: familia zenye maneno yao kwa kila kitu, zilizoiita butty ile mashua ya pili inayovutwa na ya kwanza, na zilizompa heshima ya jina la Number One yule aliyemiliki mashua yake mwenyewe bila kampuni. Walikuta vyumba vidogo vyenye shaba iliyosuguliwa, milango iliyopakwa maua ya waridi na ngome. Nami naomba msomaji alikumbuke jambo hili mpaka mwisho: wengi wa watu hao wa mashua hawakujua kusoma, kwa sababu mtoto anayehama kila siku hakai shuleni. Kitabu kilikuwa juu yao, lakini hakikuwa mikononi mwao.

Barua zikamiminika Tardebigge. Mmoja wa walioandika alikuwa Robert Aickman, mtu wa London. Mwaka wa 1945 alikuja kumtembelea Rolt, na mwaka wa 1946 wakaunda chama cha kutetea mifereji, Inland Waterways Association. Aickman akawa mwenyekiti, Charles Hadfield makamu, Rolt katibu. Ofisi ya katibu ilikuwa mashua.

Tendo lao lililojulikana zaidi ni la mwaka wa 1947. Kwenye mfereji wa Stratford kampuni ya reli ilikuwa imeweka daraja lisiloinuka, na hivyo kuziba njia, ingawa sheria ilikuwa bado inampa kila mtu haki ya kupita. Suala likafikishwa Bungeni, na kampuni ikalazimika kuahidi kuliinua daraja kila atakayetoa taarifa. Rolt akatoa taarifa. Akaja na Cressy ikikwaruza tope na majani, mafundi wakaliinua daraja kwa jeki, akapita. Mashua moja ilithibitisha kwamba mfereji bado ni njia.

Lakini marafiki hao walikuwa na ndoto mbili. Aickman alitaka kila mfereji ufunguliwe, bila kuacha hata mmoja. Rolt aliona nguvu ni chache, na akataka ianze mifereji ambayo bado ilikuwa na mizigo na familia za kuibeba. Kwake yeye mfereji bila watu wake ulikuwa bwawa refu tu. Ugomvi ulipamba moto mwaka wa 1950, wakati wa mkusanyiko mkubwa wa mashua huko Market Harborough, na mwanzoni mwa 1951 Rolt alifukuzwa katika chama alichokianzisha. Ajabu ni kwamba wote wawili walikuwa watunzi wa hadithi za mizimu: Rolt alikuwa ametoa mkusanyo wake mwaka wa 1948, na Aickman akaja kupata jina kubwa katika fani hiyo.

Mwaka huo wa 1951 ulimvua kila kitu. Mbao za Cressy zilikuwa zimeoza, ikabidi aiache. Angela naye alichoka, akaenda kufuata sarakasi. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Rolt alikuwa tayari amewakusanya watu kuokoa reli ndogo ya Talyllyn, huko Wales, na mwaka huohuo ikaendeshwa na wafanyakazi wa kujitolea, ya kwanza ya namna hiyo duniani. Yeye akawa meneja wake.

Kisha akarudi Stanley Pontlarge, katika nyumba ya wazazi wake, na mke wa pili, Sonia. Huyu alikuwa mwigizaji kabla ya vita. Wakati wa vita alijiunga na wanawake waliopelekwa kuendesha mashua za mizigo, akaolewa na mwanamashua na kuishi maisha yao kabla ya kuwa na Rolt. Wakazaa wana wawili. Rolt akaishi kwa kalamu: mwaka wa 1957 alitoa maisha ya mhandisi Brunel, 1958 ya Telford, 1960 ya George na Robert Stephenson. Alifariki tarehe 9 Mei 1974.

Majira ya baridi ya 1962 hadi 1963 barafu ilizifunga mashua za mizigo kwa wiki nyingi, na mizigo mingi iliyohamia barabarani haikurudi. Mwaka wa 1963 shirika la serikali likaacha sehemu kubwa ya biashara yake ya mashua nyembamba. Familia zikahamia nyumba za nchi kavu. Miaka mitano baadaye, sheria ya 1968 ikatambua mifereji mingi kuwa njia za burudani, na leo maelfu ya mashua hupita humo, nyingine mali ya wastaafu, nyingine za kukodi kwa likizo. Ukitazama maji, Aickman alishinda, na Rolt alimsaidia kushinda. Ukitazama watu, wote wawili walichelewa.

Je, Rolt alishindwa? Mimi sisemi hivyo. Bila Narrow Boat mifereji mingi ingefukiwa, na hata kumbukumbu ya Number One ingefukiwa nayo. Ila kitabu kina wasomaji wake, na wasomaji hukiokoa kile wanachoweza kukitumia: Waingereza waliweza kutumia maji, mandhari na maua ya waridi mlangoni, wakayahifadhi. Hawakuweza kutumia maisha ya mama anayeshika kana huku mtoto amefungwa kwa kamba juu ya paa asianguke majini. Maisha hayo yalihitaji malipo bora ya mizigo na shule kwa watoto wao, na hayo hayaletwi na ukurasa mzuri peke yake. Rolt alilijua hilo, ndiyo maana alikubali kupoteza chama kuliko kulinyamazia. Sisi tunaokwenda na daftari kwa wavuvi na wachuuzi kukusanya maneno yao, tungefanya vema kumuuliza kila tunayemwandika anachohitaji ili aendelee kuyasema.

Mjini Banbury daraja namba 164 la mfereji wa Oxford limepewa jina la Tom Rolt. Liko karibu na karakana ya Tooley, pale Cressy ilipotoka ikiwa nyumba.