John Akii-Bua

John Akii-Bua (3 Desemba 1949 – 20 Juni 1997) alikuwa mwanariadha na askari polisi kutoka Uganda. Ndiye Mganda wa kwanza kupata medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki, aliposhinda mbio za mita 400 kuruka viunzi mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1972. Barabara moja ya Nakasero, jijini Kampala, ina jina lake tangu wakati wa utawala wa Idi Amin. Kabla ya hapo iliitwa kwa jina la mpelelezi Henry Morton Stanley.

Maisha ya awali

Akii-Bua alizaliwa Abako, katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane na watoto zaidi ya 40. Kaka yake, Lawrence Ogwang, aliiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. John aliacha shule mapema, akachunga ng'ombe wa familia, halafu akajiunga na jeshi la polisi Kampala. Polisi ndiko kulikokuwa na viwanja, walimu wa michezo na mshahara, kwa hiyo wanariadha wengi wa Uganda wa wakati ule walitokea huko.

Alianza na mbio fupi za viunzi, mita 110. Kocha Mwingereza Malcolm Arnold, aliyefika Uganda mwaka 1968, ndiye aliyemhamishia kwenye mita 400. Mwaka 1970 alishika nafasi ya nne katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh.

Ushindi wa Munich

Katika mbio hizi mkimbiaji huzunguka uwanja mara moja na kuruka viunzi 10 vyenye kimo cha sentimita 91.4. Shida kubwa ni hatua: zikizidi au zikipungua kati ya kiunzi na kiunzi, mguu usiozoea ndio unaotangulia, na mwendo unavunjika. Akii-Bua alijizoeza kutanguliza mguu wowote, faida ambayo wapinzani wake wengi hawakuwa nayo. Mazoezini alivaa fulana yenye uzito wa kilo 11 hivi na kuruka viunzi virefu kuliko vya mashindano.

Fainali ilifanyika tarehe 2 Septemba 1972. Alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji huiogopa kwa sababu kona zake ni kali. Hata hivyo alimaliza kwa sekunde 47.82, akawa binadamu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili na David Hemery wa Uingereza wa tatu. Rekodi iliyovunjwa, sekunde 48.12, ilikuwa ya Hemery mwenyewe, naye aliiweka mwaka 1968 katika jiji la Mexico, ambako hewa nyepesi ya mlimani huwasaidia wakimbiaji wa mbio fupi. Munich haikuwa na msaada huo. Baada ya kumaliza, Akii-Bua aliendelea kuzunguka uwanja kwa furaha, akiruka viunzi tena.

Siku tatu baadaye wanamichezo wa Israel walishambuliwa na kutekwa katika kijiji cha Olimpiki, na habari za michezo zikafunikwa na msiba huo.

Barabara ya Akii-Bua

Aliporudi nyumbani alipandishwa cheo polisi na kupewa nyumba na Rais Idi Amin. Barabara ya Stanley ikapewa jina lake. Akii-Bua alikuwa na umri wa miaka 22, yu hai na bado anakimbia. Kwa kulinganisha, mjini Berlin barabara iliyo karibu na uwanja wa Olimpiki ilipewa jina la Jesse Owens, Mmarekani Mweusi aliyeshinda medali nne za dhahabu humo mwaka 1936, mnamo mwaka 1984 tu, Owens alipokuwa amekwisha kufa.

Jina lililoondolewa halikuwa dogo. Stanley aliondoka Zanzibar Novemba 1874 na msafara wa wapagazi na walinzi, wengi wao wangwana wa Unguja na pwani, akafika kwa Kabaka Mutesa I mwezi Aprili 1875. Barua yake iliyochapishwa London iliwaita wamisionari Buganda, na wa kwanza walifika mwaka 1877. Utawala wa Waingereza ulifuata nyuma yao.

Lakini mwaka 1972 ulikuwa mwaka mbaya wa kupokea heshima kutoka kwa Amin. Mwezi Agosti alikuwa ameamuru Waasia wafukuzwe nchini katika siku 90. Tarehe 17 Septemba, majuma mawili baada ya fainali ya Munich, wafuasi wa Milton Obote waliingia Uganda kutoka Tanzania kujaribu kumpindua, wakashindwa. Obote alikuwa Mlango, na Akii-Bua pia. Tangu mapinduzi ya Januari 1971 askari wa Kilango na Kiacholi walikuwa wameuawa kwa maelfu, na jaribio hilo liliongeza hatari kwa watu wa kwao. Serikali iliyoandika jina lake kwenye kibao cha barabara ndiyo iliyowawinda ndugu wa kabila lake, na umaarufu wake ulimpa kinga ambayo wao hawakuwa nayo.

Kususiwa, ukimbizi na kurudi

Januari 1973 alishinda dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos. Alitarajiwa kutetea taji lake Montreal mwaka 1976, lakini Uganda ilijiunga na nchi nyingi za Afrika zilizosusia michezo hiyo kwa sababu New Zealand, iliyopeleka timu ya raga Afrika Kusini, iliruhusiwa kushiriki. Edwin Moses wa Marekani alishinda huko na kuivunja rekodi ya Akii-Bua.

Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoiteka Kampala Aprili 1979, Akii-Bua alikimbilia Kenya pamoja na familia yake. Kinga ya zamani ilikuwa imegeuka: ofisa wa polisi aliyepewa nyumba na cheo na Amin angeweza kuhesabiwa mtu wa Amin, hata kama ni Mlango. Aliishi katika kambi ya wakimbizi hadi kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alivivaa Munich, ilipomsaidia kwenda Ujerumani na kumpa kazi. Kutoka huko aliiwakilisha tena Uganda katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akaishia nusu fainali.

Alirudi Uganda mwaka 1983, akaendelea na kazi ya polisi na kufundisha riadha. Alifariki tarehe 20 Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 47, mjane, akiacha watoto 11. Alizikwa kwa heshima za kitaifa. Uganda ilingoja hadi mwaka 2012 kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London.

Jina lake katika mjadala wa mitaa ya Kampala

Amin alipoondoka, jina la Stanley halikurudishwa. Barabara ya Akii-Bua ilibaki, ingawa majina mengine ya kikoloni yaliendelea kusomeka katika jiji hilohilo. Mwaka 2020 wananchi, wakiongozwa na mwanasheria Apollo Makubuya, walitia sahihi ombi la kuyaondoa. Miongoni mwa waliolengwa ni Frederick Lugard na Henry Colvile, aliyeongoza vita dhidi ya Omukama Kabalega wa Bunyoro. Februari 2025 Mahakama Kuu iliagiza mamlaka ya jiji la Kampala iondoe majina ya wakoloni kwenye mitaa na alama za jiji.

Kuondoa jina ni rahisi kuliko kukubaliana juu ya jina jipya, na mfano wa Nakasero ni mgumu kidogo: badiliko hilo lilifanywa kwa amri ya mtawala, bila kuwauliza wakazi. Mjini Lira, karibu na alikozaliwa, uwanja wa michezo uliokusudiwa kubeba jina lake ulicheleweshwa kwa miaka mingi, huku barabara ya Kampala ikiendelea kutajwa kila siku na madereva wa bodaboda na kuandikwa katika anwani za ofisi.