Bwana Wells na Majeshi ya Sakafuni

Utotoni mwangu bibi hakutaka kuona sanamu nyumbani, basi askari wangu wa udongo niliwaficha uvunguni. Kwa hivyo niliposoma habari za Bwana H. G. Wells, Mwingereza aliyezaliwa Bromley mwaka 1866, nilicheka peke yangu. Mtunzi huyu wa hadithi za wavamizi kutoka Mars alikuwa mtu mzima, baba wa watoto, na bado alilala kifudifudi sakafuni akipanga majeshi.

Msidhani ulikuwa upuuzi. Mwaka 1913 alitoa kitabu, Little Wars, chenye kanuni zake. Askari walikuwa wa madini ya risasi, wamepakwa rangi, adui akijulikana kwa mavazi yake. Wa miguu walikwenda futi moja kwa zamu, wapanda farasi futi mbili. Mizinga midogo ya springi ilirusha vijiti, na aliyeangushwa amekufa. Wanaopaka rangi sanamu za mazimwi na majini kwa michezo ya vita ya siku hizi, mzee wao ni huyu.

Humo humo alisema kwamba wenye uchu wa vita wafungiwe chumbani na vinyago hivi, watuache sisi. Hapo ndipo nilipompenda. Lakini 1914 vita vikuu vilipozuka, Wells yule yule alishika kalamu kuviunga mkono, akidai vitakomesha vita vyote. Hilo sijamsamehe. Aliishi akaviona na vya pili, mabomu yakianguka London naye asihame, akafariki humo Agosti 1946.