Daktari wa Jicho Moja Aliyefuata Nyayo za Maradhi

Mnamo mwaka 1957, katika wodi ya watoto ya hospitali ya Mulago, Kampala, Daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji mwenzake amtazame mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya za mtoto huyo, za juu na za chini, kulia na kushoto, zilikuwa zimevimba, na uso wake umeharibika. Mpasuaji huyo, Denis Burkitt, hakuwa na la kumsaidia. Maradhi yenyewe hakuyajua.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho lake la kulia kwa ajali. Hata hivyo alisomea udaktari, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa daktari wa jeshi, akatumikia Kenya na Somalia. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, na mwaka 1948 akahamia Kampala.

Wiki chache baada ya kumwona mtoto yule, alikuta mwingine wa namna ile ile huko Jinja. Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya tu. Yeye alifukua kumbukumbu za Mulago, akagundua kwamba watoto wa aina hiyo walikuwa wengi. Mwaka 1958 alitangaza habari zao. Kisha akaziandikia hospitali za Afrika, na kila penye mgonjwa akachomeka pini katika ramani.

Oktoba 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu. Kwa wiki 10 walikwenda maili 10,000 hadi Afrika Kusini, wakizuru karibu hospitali 60. Kama mpelelezi hodari, Burkitt hakuuliza tu maradhi yako wapi. Aliuliza pia hayako wapi. Jibu likajitokeza: saratani hiyo hukaa nchi za joto na mvua, yaliko malaria kwa wingi, na huwa adimu katika nyanda za juu zenye baridi.

Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake mjini London waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Wakati huo Burkitt alikuwa amekwisha kuona kwamba dawa huyeyusha uvimbe ambao kisu kilishindwa kuuondoa, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Mwaka 1967 ilianzishwa Mulago Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt alifariki Uingereza tarehe 23 Machi 1993. Saratani hiyo inaitwa kwa jina lake, na ingali inawapata watoto wetu. Uvimbe wake hukua upesi mno, pengine kwa siku chache tu. Basi askari, ukiona katika nyumba yako kambini taya la mtoto linavimba au meno yake yanalegea pasipo sababu, usingoje likizo wala mwisho wa mwezi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.