George Cadbury: Tajiri wa chokoleti aliyebanwa na kakao ya watumwa

Wengi tunalijua jina la Cadbury kupitia lile kopo la zambarau la chokoleti ya kunywa. Kabla ya kuwa jina la kopo, lilikuwa jina la ukoo. Aliyelifanya lisikike duniani ni George Cadbury, aliyezaliwa Birmingham, Uingereza, Septemba 19, 1839.

Baba yake, John, alifungua duka la chai, kahawa na kakao mwaka 1824. Walikuwa Waquaker, Wakristo wasiogusa pombe wala silaha. Kwao kakao ilikuwa biashara, lakini pia kitu cha kumpa mtu anywe badala ya bia.

Mwaka 1861 mzee alikuwa mgonjwa na kampuni iko hoi. George akaichukua akiwa na miaka 21 tu, pamoja na kaka yake Richard, wakaweka humo urithi wa mama yao. Miaka ya mwanzo ilikuwa hasara tupu, mfuko ukazidi kukauka.

Kilichowaokoa ni mashine. Kakao ya siku hizo ilikuwa na mafuta mengi, kwa hiyo wenye viwanda waliichanganya na wanga kuyaficha. George akafunga safari hadi Uholanzi, Kidachi hajui hata neno, akanunua mashine ya Van Houten ya kukamua mafuta hayo. Mwaka 1866 wakatoa kakao safi isiyochanganywa na kitu. Hapo mambo yakafunguka.

Mwaka 1879 walihamisha kiwanda kutoka mjini hadi mashambani, wakapaita Bournville. Baadaye George akajenga kijiji hapo, nyumba zenye bustani, baa hakuna. Mwaka 1900 alikikabidhi kijiji kwa mfuko wa wadhamini: nyumba 313, ekari 330. Kwa bosi wa enzi zile, hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa njoo kwenye ishu yenyewe.

Karibu nusu ya kakao yao ilitoka São Tomé, kisiwa cha Wareno upande wa Atlantiki. Mwaka 1901 William, mtoto wa Richard, alisikia kwamba wanaolima kule ni watumwa. Mwaka huohuo likawafikia tangazo la shamba linalouzwa kisiwani, na wafanyakazi weusi wamewekewa bei pamoja na mali nyingine. Kwenye karatasi walikuwa vibarua wa mkataba wa miaka mitano kutoka Angola. Kurudi kwao ilikuwa ndoto.

Kampuni ilifanya nini? Iliendelea kununua. Hoja yao: tukijitoa, Wareno hawatatusikiliza tena. Mwaka 1905 walimtuma Joseph Burtt kuchunguza, na kwanza ikabidi akajifunze Kireno. Alizunguka São Tomé na Angola, akafika hadi Msumbiji, yaani ng'ambo ya Ruvuma kwa sisi wa huku. Alirudi 1907 na kuthibitisha kwamba ni utumwa. Mwandishi Henry Nevinson alishayaandika hayo mwaka mmoja kabla.

Machi 1909 ndipo Cadbury, pamoja na Fry na Rowntree, waligoma kununua kakao ya São Tomé. Miaka minane imepita.

Gazeti la Standard lilikuwa limeshawarukia Septemba 1908. George alikuwa na gazeti lake, Daily News, ambalo lilipiga kelele sana kuhusu vibarua wa Kichina kwenye migodi ya Afrika Kusini. Standard likamuumbua: unalia na migodi ya wengine, kakao yako je? Cadbury wakaenda mahakamani, na mwisho wa 1909 baraza la wazee wa mahakama likawapa ushindi. Fidia? Robo ya peni moja. Ukipewa fidia kama hiyo, unajua kabisa wamekuonaje.

Mimi siamini George alikuwa mnafiki moja kwa moja. Ila miaka minane ni mingi kwa aliyeko shambani. Na hapa Masasi stori hii inagusa pabaya: mwaka 1876 Askofu Steere alianzisha misheni ya hapa akiwa na watu waliokombolewa utumwani, waliotoka naye Zanzibar. Yaani mwaka 1901 tayari wapo watu waliokulia huku wazazi wao wameshawahi kuuzwa, na Birmingham bado wanajadiliana waache au wasiache.

Baada ya mgomo, Cadbury waligeukia Gold Coast, Ghana ya leo, ambako kakao ililimwa na wakulima wadogo kwenye mashamba yao wenyewe, kama korosho zetu Mnyambe.

George alifariki Oktoba 24, 1922, akiwa na miaka 83, na maelfu walijitokeza Bournville kumuaga. Kampuni ilinunuliwa na Kraft ya Marekani mwaka 2010. Kijiji hakikuuzwa; hadi leo kiko chini ya mfuko ule alioanzisha.