Carscallen na Miaka ya Kungoja

JUMATANO

Soma 1 Wakorintho 3:6–9.

Mwishoni mwa mwaka 1906, Arthur Carscallen, kijana Mkanada, alifika Gendia, karibu na Ziwa Victoria, nchini Kenya. Alifuatana na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, Malawi ya leo. (Nyambo hutajwa kwa haraka mno katika historia yetu.) Kijaluo hawakukijua. Carscallen akaketi na wenyeji kujifunza, akaandika sarufi ya lugha hiyo, na shule ikafunguliwa. Baadaye palikuwa na mashine ya kupiga chapa.

Je, ubatizo? Mwaka 1907 hakuna. 1908, hakuna. Watu kumi wa kwanza walibatizwa mwaka 1911.

Mkulima wa kahawa hapa Igamba anaielewa hesabu hiyo. Hupalilia mibuni miaka kama mitatu kabla ya kuchuma. Lakini kwenye baraza la kanisa tunataka majina mapya kila robo. Sidhani Carscallen angevumiliwa.

Jadilini: Ni huduma gani kanisani kwenu iliachwa kwa sababu matunda yalichelewa? Aliyekuwa akiifanya yuko wapi sasa?