Karamojo Bell: Mwindaji aliyeiamini risasi ndogo mbele ya tembo

Mwanzoni mwa karne ya 20, wawindaji wa Kizungu waliokuwa wakimiminika Afrika Mashariki kutafuta pembe za ndovu walikubaliana juu ya jambo moja. Tembo ni mnyama mkubwa, hivyo ni lazima apigwe kwa bunduki kubwa. Viwanda vya London na Birmingham viliwauzia bunduki za mitutu miwili zenye risasi nene kama kidole gumba, ambazo mshindo wake uliweza kumwacha mpigaji akiugua bega siku nzima.

Mskoti mmoja, Walter Dalrymple Maitland Bell, alikataa kuifuata imani hiyo. Kwa miaka mingi alizunguka Karamoja, kingo za Mto Nile na misitu ya Kongo akiwa na bunduki nyepesi ambazo wenzake waliziona zinafaa kwa swala tu. Alipostaafu, hesabu aliyoitunza mwenyewe ilionyesha kuwa alikuwa ameua tembo 1,011, na zaidi ya 800 kati yao walianguka kwa risasi ya kipenyo cha milimita 7.

Uzito wa jambo hilo unaonekana vizuri zaidi ukirudi nyuma kidogo, hadi kwenye silaha zilizotangulia. Katika karne ya 19, pembe zilizotoka Manyema zilivushwa Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, na kutoka hapo misafara ilizibeba kwa miguu kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Katika ufukwe ule, ambao leo una vijiji kama Mwamgongo, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, na katika njia yote ile ya misafara, silaha iliyotawala ilikuwa gobore.

Kwa gobore, kila mwindaji alikuwa fundi wa risasi yake mwenyewe. Alimimina baruti mtutuni kwa kukisia, akaishindilia kwa mti, akaweka kipande cha chuma au goroli la risasi, kisha akaomba Mungu baruti isiwe na unyevu. Ikizidi, mtutu ungeweza kupasuka usoni mwake. Ikipungua, mnyama angejeruhiwa tu na kumgeukia. Hakukuwa na mizinga miwili iliyofanana.

Risasi ya kisasa, yenye ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti isiyotoa moshi mwingi na kichwa kilichoshikwa mdomoni mwa ganda, ilikuja kuondoa bahati nasibu hiyo. Ahadi yake ilikuwa kwamba mlio wa 100 ungekuwa sawa na ule wa kwanza. Bell alichukua miaka mingi kutafuta risasi iliyoitimiza ahadi hiyo, na mara ya kwanza alipokosa kuipata nusura imgharimu maisha.

Alizaliwa Septemba 8, 1880, karibu na mji wa Edinburgh, katika familia yenye mali na watoto wengi. Mama yake alifariki akiwa na miaka miwili na baba yake akiwa na miaka sita, akabaki mikononi mwa kaka zake, ambao hawakuweza kumtuliza. Alitoroka shule zaidi ya moja, na akiwa na miaka 13 akapelekwa baharini kuwa mwanafunzi wa ubaharia. Wazo lililomkaa kichwani lilikuwa moja tu, kuwinda tembo Afrika.

Mwaka 1897, akiwa na miaka 16 tu, alishuka Mombasa. Wakati huo Reli ya Uganda ilikuwa ndiyo kwanza inajengwa, na simba walikuwa tishio kwa wafanyakazi na kwa wanyama wa mizigo. Bell alipata kazi ya kulinda msafara wa nyumbu wa kubeba mizigo ya reli.

Bunduki yake ilitengenezwa na fundi Daniel Fraser wa Edinburgh, ikiwa ya .303 yenye kubeba risasi moja kwa wakati. Ilikuwa bunduki nzuri na yenye shabaha. Lakini risasi za .303 za wakati ule zilijazwa baruti ya kodaiti, ambayo msukumo wake hupanda kadiri joto linavyoongezeka. Chini ya jua la nyika, ganda lilitanuka baada ya mlio likang'ang'ania ndani ya mtutu na kukataa kutoka. Kijana akajikuta mbele ya simba akiwa na bunduki isiyofunguka, ambayo kwa dakika hizo haikuwa na tofauti na rungu.

Somo hilo hakulisahau. Tangu siku hizo, swali la kwanza aliloliuliza juu ya bunduki yoyote halikuwa inaua mnyama wa ukubwa gani, bali kama kila ganda litaingia, litalipuka na litatoka.

Kabla ya kurudi kwenye tembo, alipitia mlolongo mrefu wa misukosuko. Alikwenda Klondike, Kanada, wakati wa mbio za dhahabu, akawa anawinda nyama ya kuwalisha wachimbaji wa Dawson, mpaka mshirika wake alipotoweka na fedha zote. Akauza bunduki yake ili apate nauli, akajiunga na kikosi cha Kanada kilichokwenda vita ya Makaburu Afrika Kusini, akatekwa na kutoroka. Mwaka 1902 alikuwa Afrika Mashariki tena.

Safari hii alifika hadi Mumias, magharibi mwa Kenya ya leo. Hapo ndipo wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walipokusanya misafara ya kuelekea Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, nchi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa bado haijaweka mkono wake. Wapagazi na askari wa Bell walitoka katika jamii hiyo ya misafara, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi yake. Kwa Wakaramojong alimpata Pyjale, mfuatiliaji nyayo aliyekuja kuwa rafiki yake na ambaye bila yeye pengine jina la Karamojo Bell lisingekuwapo. Waandishi wengi wa sifa za uwindaji humtaja kwa mstari mmoja tu, jambo ambalo si haki.

Karamoja ndiko Bell alikofanya utafiti wake mkuu. Alichukua fuvu la tembo akalipasua kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Alichokiona kilibadili fikra zake. Fuvu la tembo ni kubwa, lakini sehemu yake kubwa ni mfupa wenye vyumba vingi vya hewa, mfano wa sega la nyuki. Ubongo wenyewe, wenye uzito wa takriban kilo tano, umejificha nyuma na chini. Anayepiga paji la uso akidhani amefika, mara nyingi ametoboa mfupa tu.

Kutokana na hapo hesabu yake ilikuwa nyepesi. Risasi ikiufikia ubongo, tembo huanguka papo hapo, iwe nene au nyembamba. Isipoufikia, unene wake hausaidii sana. Kwa hiyo kilichotakiwa ni risasi itakayokwenda ilikoelekezwa bila kupinda, na mpigaji ambaye haogopi mshindo wa bunduki yake. Alijifunza hata kumpiga tembo anayeondoka, kwa kulenga kwa mshazari kutokea nyuma ya kichwa, shabaha ambayo wawindaji wanaendelea kuiita kwa jina lake.

Alianza na bunduki ya kawaida ya .303 ya kijeshi, Lee-Enfield, yenye uwezo wa kubeba risasi 10. Alikuwa pia na bunduki ya mitutu miwili ya .450/400, akaiona ni mzigo usio na faida ya maana. Akajaribu Mannlicher ya milimita 6.5, bunduki nyepesi aliyoipenda sana kuibeba, lakini magandala yake yalikuwa yakipasuka. Akajaribu .318 ya Westley Richards, yenye nguvu zaidi, nayo ikamwangusha kwa risasi zilizokataa kulipuka au zilizochelewa. Mbele ya tembo wa mita 30, sekunde moja ya kuchelewa ni muda mrefu mno.

Inasimuliwa kuwa shehena iliyobaki ya risasi za .318 alizozitilia shaka aliimaliza kwa kuwatungua ndege waliokuwa wakiruka juu ya ziwa, mmoja mmoja, kwa risasi moja moja. Kwake ilikuwa njia ya kuondoa bidhaa mbovu. Watu wengine wangetegemea bunduki ya marisau kwa kazi hiyo.

Chaguo lake la mwisho likawa ile ya milimita 7, risasi ya Mauser ya Ujerumani iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ambayo kampuni ya John Rigby ya London iliiuza kwa jina la .275. Kichwa chake kilikuwa na uzito wa takriban gramu 11, kirefu kwa unene wake, chenye ncha ya mviringo na kilichofunikwa chote kwa gamba gumu la chuma. Bunduki kubwa kabisa za wakati ule, zile za .600, zilirusha kichwa cha gramu 58. Tofauti ni zaidi ya mara tano.

Urefu na ugumu huo ndio siri yenyewe. Kichwa laini huvunjika au kutanuka kikigonga mfupa, na hivyo hupoteza mwelekeo. Kirefu na kigumu hupenya moja kwa moja, hata kwenye lile sega la mfupa. Lakini Bell alisisitiza zaidi jambo lingine, ambalo mashabiki wake hulisahau. Risasi za milimita 7 alizonunua zilitengenezwa Ujerumani, nazo hazikumwangusha kwa fataki mbovu wala kwa ganda lililopasuka. Aliichagua bunduki kwa sababu ya kiwanda cha risasi zake.

Mazoezi nayo hayakuwa na mwisho. Akitembea njiani alikuwa akiinua bunduki tupu begani, akilenga jiwe, mti au ndege na kufyatua bila risasi, mara nyingi kwa siku, mpaka silaha ikawa kama kiungo cha mwili wake. Aliandika daftarini kila mnyama na kila risasi iliyotumika, kama muuza duka anavyoandika mauzo. Kwake ilikuwa biashara, na hakuwahi kuificha.

Ndiyo maana sifa za Bell haziwezi kutengwa na uharibifu wake. Ustadi ule uliompunguzia tembo mateso ulikuwa ndio ulioongeza idadi ya waliokufa. Mwindaji wa gobore alihitaji siku nyingi na kundi la watu kumpata tembo mmoja. Bell, kwa risasi chache na bila mshindo wa kulitawanya kundi lote, aliweza kuwaangusha kadhaa asubuhi moja. Wanavijiji walipata nyama, naye akapata pembe. Katika Himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, kibali cha uwindaji kiliruhusu tembo wawili tu. Yeye alikwenda mahali ambapo sheria hiyo ilikuwa haijafika.

Mipaka ilipoanza kufungwa, alihama. Alivuka hadi Lado, ng'ambo ya Nile, eneo lililokuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi alipofariki Desemba 1909, na ambako wawindaji wengi wasio na vibali walijazana. Bell alikuwa na kibali cha Wabelgiji. Kisha akaelekea Liberia na makoloni ya Ufaransa ya Afrika ya kati, ambako vita kuu ya kwanza ilimkuta mwaka 1914.

Vita hiyo ndiyo iliyomleta katika ardhi ya Tanzania ya leo. Baada ya kujifunza urubani Uingereza, alirudi akiwa rubani wa kijeshi dhidi ya majeshi ya Ujerumani. Ulikuwa wakati uleule ambapo boti za Kiingereza zilikuwa zikiwindana na meli za Kijerumani katika Ziwa Tanganyika, na Wabelgiji wakaingia Kigoma Julai 1916. Bell, mtu wa peke yake daima, alipendelea kuruka bila mwangalizi wa pili, kwa maelezo kwamba alimziba asione. Alitunukiwa nishani ya Military Cross, na baadaye akapigana katika anga ya Balkani.

Baada ya vita alifanya safari chache zaidi, ya mwisho ikiwa kwa magari huko Sudan na Chad pamoja na matajiri wa Kimarekani. Magari hayakumfurahisha. Alirejea Uskoti, akaishi na mkewe Katie katika shamba la Corriemoillie, akichora, akishiriki mashindano ya mashua na kuandika. Kitabu chake cha kwanza, The Wanderings of an Elephant Hunter, kilitoka mwaka 1923 kikiwa na michoro ya mkono wake.

Maandishi hayo yalizaa ubishi ambao haujaisha. Vijana wengi walisoma habari za risasi ndogo wakasahau fuvu lililopasuliwa, daftari na mazoezi ya kila siku. Wapo waliojeruhi wanyama na wapo waliokufa. Nchi nyingi zinazoruhusu uwindaji, Tanzania ikiwamo, zimeweka kipimo cha .375 kuwa cha chini kabisa kwa wanyama hatari, na bunduki ya .275 ya Bell ingekataliwa langoni.

Mwenyewe hakuacha kujaribu. Uzeeni alikuwa akiwinda kulungu wa milima ya Uskoti kwa .220 Swift, risasi ya Kimarekani nyembamba kuliko zote alizowahi kutumia na yenye mbio kubwa. Alifariki Juni 30, 1954, akiwa na miaka 73. Desemba mwaka huo jarida moja la wapenda bunduki la Marekani lilichapa makala yake kuhusu mabishano ya risasi kubwa na ndogo. Humo alieleza kwamba kama angeanza upya, angechukua .308 Winchester, ambayo wakati huo ilikuwa na miaka miwili tu sokoni.