Jigoro Kano: Mwalimu Aliyeigeuza Mieleka Kuwa Somo

Mwalimu mwanafunzi atakayepangiwa mazoezi ya kufundisha Mabawe, wilayani Ngara, au penginepo, atawakuta watoto wakipigana mieleka uwanjani, apende asipende. Katika hesabu, kosa la ufundishaji hurekebishwa kwa chaki. Katika mieleka, kosa hilo huweza kuvunja mkono wa mtoto. Yafaa basi kuyatazama maisha ya Mjapani Jigoro Kano, mwanzilishi wa mchezo wa judo, kwani yeye kwanza alikuwa mwalimu, na kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta njia ya kufundisha jambo la hatari bila ya kuwadhuru wanafunzi.

Kano alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na mji wa Kobe. Mama yake alifariki angali mtoto, na baba yake akamhamishia Tokyo ili asome. Darasani alikuwa hodari, lakini mwili wake ulikuwa mdogo na dhaifu, na wenzake wenye nguvu walimwonea. Alisikia kuwa ipo sanaa ya kujihami bila silaha, iitwayo jujutsu, ambayo humwezesha mnyonge kumshinda mwenye nguvu. Kuipata haikuwa rahisi. Utawala wa kale ulikuwa umeanguka mwaka 1868, sanaa za wapiganaji wake zikadharauliwa, na watu wazima aliowaomba wamfundishe walikataa.

Mwaka 1877, alipoingia chuo kikuu, alimpata Fukuda Hachinosuke, ambaye riziki yake ilitokana na kuunga mifupa. Fukuda alikuwa bingwa, lakini maelezo yake yalikuwa machache. Kano alipouliza mguu uwekwe wapi na mkono uvute vipi, mzee alimwangusha tena, na akiuliza tena aliangushwa tena. Fukuda alifariki mwaka 1879. Kano akahamia kwa Iso Masatomo, aliyesisitiza mazoezi ya kufuata mpango maalumu. Naye akafariki mwaka 1881. Wa tatu alikuwa Iikubo Tsunetoshi, stadi wa kuangusha. Hivyo katika muda wa miaka michache kijana huyu alizika walimu wawili, akaona jinsi ujuzi usiopangwa unavyoweza kuingia kaburini pamoja na mwenye nao.

Hakutegemea walimu tu. Alipokuwa akishindwa na mwenzake mwenye mwili mkubwa, alikwenda maktaba kusoma vitabu vya mieleka ya nchi za Magharibi. Humo alipata namna ya kumbeba mpinzani mabegani na kumwangusha upande wa pili. Akaifanyia mazoezi hadi akamwangusha yule mkubwa. Mbinu hiyo aliiita kata-guruma, maana yake gurudumu la mabega.

Mwezi Mei 1882 Kano alifungua shule yake, Kodokan, katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Ilikuwa na wanafunzi 9 na nafasi ya mikeka 12 tu. Sanaa yake hakuiita jujutsu, yaani ufundi, bali judo, yaani njia, kwa sababu alikusudia kumlea mtu mzima, siyo kumfunza hila za kupigana tu.

Utaratibu wake wa kufundisha ndio unaotuhusu zaidi. Kwanza, mwanafunzi alijifunza kuanguka kabla ya kujifunza kuangusha, maana asiyejua kuanguka huogopa, na mwenye hofu hajifunzi. Pili, Kano aliligawa tendo la kuangusha katika hatua tatu: kumpotezea mpinzani mizani yake, kujiweka mahali panapofaa, kisha kuangusha. Aliyewahi kuusukuma mgomba anaelewa maana yake: uliosimama wima hukutoa jasho, bali uliokwisha kuinama kwa uzito wa mkungu huanguka kwa nguvu kidogo. Tatu, mbinu za hatari, kama vile mapigo, aliziondoa katika mazoezi huru. Zilifanywa katika mazoezi ya mpango maalumu tu, ambamo kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini. Hivyo ujuzi haukupotea, na wanafunzi hawakuumizana.

Nne, alijali majina. Katika mapokeo aliyoyapata kwa Iikubo kulikuwa na mbinu iliyoitwa ndani ya ndoto. Jina hilo ni zuri, lakini halimwambii mwanafunzi atumie kiungo gani. Majina mengi ya judo hueleza tendo lenyewe. O-soto-gari ni kufyeka mguu kwa nje, kwa tendo kubwa. Ko-soto-gari ni kwa nje, kwa tendo dogo. O-uchi-gari ni kwa ndani, kwa tendo kubwa. Ko-uchi-gari ni kwa ndani, kwa tendo dogo. Mwanafunzi aliyeshika maneno matano tu, yaani kubwa, dogo, ndani, nje na kufyeka, amekwisha kupata majina ya mbinu nne, na tena anajua zinavyohusiana.

Tano, alikubali kufundishwa na wanafunzi wake. Kano alipenda kuangusha kwa kiuno, kwa mbinu iitwayo uki-goshi. Mwanafunzi wake Saigo Shiro alijifunza kukiruka kiuno hicho na kutua salama upande wa pili. Kano hakukasirika wala hakumkataza. Aliunyoosha mguu wake na kuufagia ule wa Saigo uliokuwa ukiruka, na hapo ikazaliwa harai-goshi, yaani kiuno cha kufagia. Mwaka 1895 mbinu 42 za kuangusha zilipangwa katika mafungu matano ya kufundishia. Mwaka 1920 mpango huo ulirekebishwa, zikabaki 40.

Wakati wote huo Kano hakuacha ualimu. Tangu mwaka 1893 hadi 1920, kwa vipindi mbalimbali, alikuwa mkuu wa chuo cha juu cha ualimu mjini Tokyo. Mwaka 1909 alikuwa Mwasia wa kwanza kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Alifariki tarehe 4 Mei 1938 melini, akirejea kutoka mkutano wa kamati hiyo uliofanyika Cairo. Judo iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1964, mjini Tokyo.

Mwalimu ambaye hakujifunza judo asithubutu kufundisha kuangusha. Lakini yapo anayoweza kuyafanya kesho, kwenye nyasi laini na bila gharama: kuwafunza watoto kuanguka kwa kujiviringisha, kuwaonyesha jinsi mizani inavyopotea, na kutenganisha ngwara ya ndani na ngwara ya nje kwa majina yanayoeleweka. Mtoto akimuuliza mguu uwekwe wapi, amjibu. Fukuda alimwacha Kano atafute jibu kwa kuanguka mara nyingi. Kazi ya ualimu ni kuzipunguza mara hizo.